Saa mbili za mwandishi wa mpira Mbeya

Mechi ya Uwanja wa Sokoine ikianza saa 10 jioni, filimbi ya mwisho hulia saa 12 kasoro. Taarifa ya habari ni saa 2 usiku. Michezo husomwa mwishoni, lakini mhariri wa Dar es Salaam hataki faili linaloingia msomaji akiwa tayari hewani. Kwa hiyo mwandishi wa televisheni wa mkoani hupimwa kwa saa mbili hizo.

Kazi huanza saa 9, kwa orodha ya wachezaji. Andika namba ya jezi na jina, kisha muulize meneja wa timu yanatamkwaje. Kwenye timu za huku, Mwakalinga na Mwakalindile wanaweza kucheza upande mmoja, na mtazamaji wa Tukuyu, mji uliotoa bingwa wa ligi mwaka 1986, hakusamehi ukiwachanganya. Uliza pia kama kituo chako kinaruhusiwa kurekodi video mchezo ukiendelea. Haki za kurusha Ligi Kuu zina mwenyewe.

Baada ya mechi, usimuulize kocha "unauzungumziaje mchezo". Utajibiwa kwamba mchezo ulikuwa mgumu na wanamshukuru Mungu, na hapo umeshapoteza dakika tatu. Uliza kitu kimoja alichokifanya: "Dakika ya 60 umemtoa beki ukaingiza mshambuliaji, uliona nini?" Maiki ikae shibiri moja kutoka mdomoni, ivae sponji lake kwa sababu ya upepo, na mita ya sauti icheze kwenye desibeli -12. Ikigonga 0, sauti imepasuka na hairekebishiki. Ndani ya vyumba vya kubadilishia nguo weka shata (kasi ya kamera kunasa kila picha) kwenye 1/50 ya sekunde, la sivyo taa zitapepesa kwenye picha.

Kati ya Novemba na Aprili usitoke bila mfuko wa nailoni wa kamera na taulo kavu. Juni na Julai tatizo ni baridi: betri huisha haraka, basi za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti. Ukiingia chumba chenye joto, acha kamera kwenye begi lililofungwa kwa robo saa, vinginevyo lenzi itashika ukungu.

Skripti ya dakika moja na nusu, ukitoa sekunde 30 za kocha, ni maneno kama 115 tu. Anza na bao, si na hali ya hewa.

Wengi hukwama kwenye kutuma. Habari ya dakika 2 kwa megabiti 10 kwa sekunde ni MB 150. Laini ikipandisha megabiti 2, ni dakika 10; ikishuka hadi nusu megabiti, ni dakika 40. Karibu na uwanja mashabiki wote wako mtandaoni, kwa hiyo panda bajaji uondoke eneo hilo kwanza. Ukitumia WhatsApp, tuma kama dokyumenti. Ukituma kama video itabanwa na picha itaharibika.

Kuhusu maisha yenyewe: Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inakutaka uwe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi ya uandishi. Wawakilishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyorushwa, si mshahara. Mechi ikiwa Uwanja wa Samora, Iringa, ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Mbeya. Kubaliana na kituo chako nauli, malazi na bando kabla ya kupanda basi, na makubaliano hayo yawe kwa maandishi.