Neno analoliogopa Simba

Busia, Jumapili jioni

Leo mbwa wangu Simba amekuja nilipomwita. Ametoka kule kwenye migomba, akapita kuku wa jirani bila kuwageukia, akasimama mbele yangu mkia ukicheza. Nimempa mukene, yaani dagaa kavu, tatu kwa mpigo.

Nilipomchukua mwaka jana alikuwa mbwa wa mnyororo. Mchana kutwa kwenye mwembe, usiku anafunguliwa alinde, kama mbwa wengi wa huku. Ukimwita "njoo" analala chini, masikio nyuma, kisha anatambaa kwenda zake. Nikadhani ni ukaidi. Nikawa naita kwa sauti kubwa zaidi, na mara mbili tatu, Mungu anisamehe, nilimchapa alipofika kwa sababu alichelewa. Yaani nilimpiga kwa kuja!

Mbwa hawezi kuunganisha fimbo na kosa la dakika tano zilizopita. Anaiunganisha na kilichotokea punde tu: sauti yangu, mkono wangu, kunikaribia. Kwake "njoo" lilikuwa jina la kipigo au la mnyororo, na bila shaka lilikuwa hivyo hata kabla hajafika kwangu.

Basi nikaliacha neno hilo kabisa. Nikachagua "hapa", ambalo halijawahi kumuumiza. Nikanunua mukene sokoni, hizi dagaa zetu kavu ambazo zikivuka mpaka kuingia Kenya huitwa omena, nikaanza nikiwa hatua mbili tu kutoka kwake. "Hapa." Akigeuza kichwa tu, namrushia moja. Wiki nzima tulibaki hapo.

Mkono wangu ndio uliochelewa kujifunza. Malipo yanatakiwa yamfikie papo hapo, ndani ya sekunde moja hivi. Nilipomfundisha kukaa, nilikuwa bado napekua mfuko, yeye akishainuka ndipo nampa. Baada ya siku tatu nikagundua nimemfundisha kuinuka. Sasa akikaa tu natamka "ndiyo", fupi, ili ajue ni tendo lipi limelipwa, halafu chakula kinafuata.

Baba mdogo aliniuliza, "Mwanangu, mukene ikiisha atakutii?" Swali lake lilinikaa kichwani. "Baba, hata sasa simpi kila mara," nikamjibu. Neno likishamwingia, leo anapata samaki, kesho anapata sifa na kukunwa kifua, na haachi kuja. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliliona hilo kwa panya huko Marekani katika miaka ya 1930: tendo linalolipwa mara moja moja hukawia kufa kuliko lililozoea kulipwa kila mara.

Mnyororo bado tunao. Lango letu halifungi vizuri na malori ya mpakani hayako mbali. Lakini nikimwita mara kumi, mara tisa anapata samaki au sifa na kurudi kucheza. Ile moja tu ndiyo namfunga, na hapo pia mukene hutangulia.

Jioni hii, nikiwa bado na furaha yangu, mtoto wa jirani amemwita mdogo wake ng'ambo ya ua: "Njoo!" Simba akalala chini palepale, masikio nyuma. Nimeketi naye kwenye vumbi, bila kumwita wala kumshika, mpaka alipoinuka mwenyewe.