Nilivyowatambulisha walimu wapya wa chuo bila kusoma CV hata moja

Nafanya kazi ofisi ya taaluma kwenye chuo kimoja hapa Dodoma, jina mtanisamehe, na moja ya kazi ambazo hakuna aliyewahi kunifundisha ila kila mwaka zinaniangukia mimi ni kutambulisha walimu wapya. Bosi anapita tu mlangoni anasema "mama, wale wageni wetu, andaa utambulisho", anaondoka, basi, hayo ndo maelekezo yote.

Sasa utaratibu uliozoeleka mnaujua. Wapya wanapangwa mbele ya ukumbi wanatazamana na watu kama washitakiwa, mtu anashika maiki, itifaki imezingatiwa, halafu anaanza kusoma CV toka sekondari, shahada ya kwanza wapi, ya pili wapi, machapisho mangapi, kamati alizokaa, yaani mpaka afike uzamivu wanafunzi wote wanachati na walimu wa zamani wanaangalia saa. Mwisho mgeni anapunga mkono anakaa. Ukimuuliza mwanafunzi kesho yake yule wa pili anafundisha nini atakwambia "yupi, yule mwenye koti?" Mimi nimekaa kwenye sherehe za hivyo miaka na kiukweli sijaona faida yake zaidi ya soda.

Kwa hiyo safari hii walipokuja sita kwa mpigo nikasema hapana, CV ibaki kwenye faili lake masijala huko, inatosha.

Kitu cha kwanza ilikuwa vyeo, na hapa palikuwa na moto. Kijana wetu wa uhusiano alishatengeneza posta nzuri tu, picha sita na maandishi makubwa KARIBUNI MAPROFESA WETU WAPYA. Tatizo ni kwamba katika wale sita profesa kamili ni mmoja, mwingine profesa mshiriki, mmoja mhadhiri mwandamizi, wawili wahadhiri na mmoja mhadhiri msaidizi ambaye ana shahada ya uzamili, uzamivu hata hajaanza. Wanafunzi wetu kila anayeshika chaki kwao ni prof, hiyo sawa, ila posta yenye nembo ya chuo ni kitu kingine. Kwetu uprofesa ni cheo cha kupandishwa, mtu anapita ngazi, machapisho yake yanapelekwa kwa wasomi wa nje ya chuo wayapime, inaweza kuchukua miaka na miaka. Kijana wa uhusiano akanijibu mbona Marekani mtu akimaliza tu PhD akiajiriwa anaitwa profesa? Nikamwambia ni kweli, kule wanaanzia na profesa msaidizi, ndo ngazi yao ya chini ya mtu mwenye PhD, lakini sisi tumejipanga kivyetu na hii posta itabandikwa Dodoma.

Kumbe yule mhadhiri msaidizi naye alishaiona kwenye simu, akaja ofisini kwangu jasho linamtoka, "dada shikamoo, naomba mnitoe pale kwenye maprofesa, walionifundisha wako humu humu, watanicheka mpaka nihame". Tukabadilisha ikawa KARIBUNI WALIMU WETU WAPYA na chini ya kila jina cheo chake halisi. Hakuna aliyelalamika, hata profesa mwenyewe.

Ikaja habari ya nani atangulie. Bosi anataka kwa ukubwa wa cheo, mimi nataka kwa mada, kwa sababu nilishaona (nitawaeleza) kwamba wawili kati yao wakifuatana watu watasikiliza. Tukamalizana hivi, kukaa wanakaa kwa cheo, kuongea wanaongea kwa mpangilio wangu. Wazee wa chuo heshima yao iko kwenye kiti, ukishamkalisha mahali pake mengine anakuachia.

Kazi yenyewe hasa ilikuwa simu. Nilimpigia kila mmoja nikawa nauliza mambo matatu tu: semista hii unafundisha somo gani, unatafiti nini kwa lugha ambayo mama yangu Mpwapwa ataelewa, na mwanafunzi akikutaka akukute wapi saa ngapi. La kwanza na la tatu wanajibu fasta. La pili ndo wanakwama, na usidhani ni wajinga, ni kwamba wamezoea kuongea na wenzao tu.

Yule dokta wa mambo ya maji alianza na "ujazaji wa mwambahifadhi katika mazingira ya nusu ukame", nikamwambia dokta, hapo umeniacha Kibaigwa, rudi unichukue. Akacheka, akaanza upya. Akasema maji mengi ya mji huu yanatoka visima vya Makutupora, na pale watu wamekuwa wakipima kina cha maji chini ya ardhi tangu miaka ya 1950, rekodi ndefu ambayo hata huko duniani wanaitamani. Ukiitazama ile rekodi unaona maji yanashuka, yanashuka, miaka mingi mvua inanyesha za kawaida na chini hayafiki ya maana, halafu unakuja mwaka mmoja wa mvua za kutisha kama zile za El Niño 1997/98, kina kinapanda kwa kishindo. Yaani sisi Dodoma tunakunywa maji ya mafuriko ya miaka ya nyuma. Mimi nimezaliwa mkoa huu na hilo sijawahi kulisikia, nikamwambia dokta hayo hayo uliyoniambia, usiongeze neno.

Kesho yake nampigia yule wa hisabati, nikijua kabisa huyu hapa ndo nitashindwa. Anatengeneza milinganyo ya magonjwa, yaani hesabu za kuonesha ugonjwa unavyosambaa. Ugonjwa gani? Homa ya Bonde la Ufa. Nikakaa vizuri kwenye kiti, maana 2007 nakumbuka, Dodoma tulipigwa kweli, nyama watu waliiogopa, bucha zikawa hazina wateja. Akanieleza mayai ya mbu wanaobeba kile kirusi yanaweza kukaa kwenye udongo mkavu muda mrefu tu yakisubiri, zikija mvua kubwa mabonde yakajaa maji yanaanguliwa, mbu wanauma ng'ombe na mbuzi, mifugo inatupa mimba, na binadamu anapata akichinja au akishika damu ya mnyama mgonjwa. Na milipuko mikubwa ya 1997/98 na 2006/07 yote ilifuata mvua za El Niño. Hapo ndo nikasema hee, si mvua zile zile za dokta wa maji! Mwaka unaojaza visima ndio mwaka wa kuhofia mifugo. Hawa wawili walikuwa hawajuani, idara tofauti, majengo tofauti, mimi wa utawala ndo nimewaunganisha kwa simu, jamani acheni nijisifu kidogo.

Profesa mshiriki ni wa isimu, amekuja kwa ajili ya Kisandawe, lugha ya huku huku mkoani kwetu, upande wa Chemba. Huyu wala hakuhitaji msaada, anaongea kama redio. Alisema kwa mtu wa lugha kuishi Dodoma ni bahati kwa sababu ukichukua huku kati na jirani zetu wa Manyara na Singida unakuta Kibantu, Kikushi, Kiniloti na lugha za vidoko, zile zenye sauti za kugonga ulimi, zote ndani ya safari ya basi moja, hakuna sehemu nyingi Afrika za namna hiyo. Nikamuomba kitu kimoja tu, asituwekee slaidi.

Profesa kamili anatoka Nigeria na jina lake lilitutesa. Bosi wangu alilijaribu mara moja ofisini nikamsimamisha. Nikamuomba profesa mwenyewe anirekodie kwa wasap, alitamke polepole mara kadhaa, nikamtumia bosi nikamwambia mzee sikiliza ukiwa kwenye gari. Mtu umemleta toka nchi nyingine, makaratasi ya kibali cha kazi yamezunguka mpaka yamechoka, halafu siku ya kwanza unamharibia jina mbele ya ukumbi mzima, si sawa. Siku ilipofika bosi alilitamka safi na profesa alisimama akainamisha kichwa, watu wakapiga makofi bila kuambiwa.

Waliobaki wawili sina mengi, wa uhasibu na yule mhadhiri msaidizi wa kompyuta, walijibu vizuri, waliongea vizuri.

Kuna sehemu ambayo haiko kwenye ratiba yoyote rasmi na mimi naona ndo utambulisho wenyewe. Kabla ya siku ya ukumbi niliwachukua wote sita kwa miguu, tukaanzia getini. Niliwahi kusikia chuo fulani profesa alizuiwa getini karibu nusu saa kwa kuwa hana kitambulisho na mlinzi hamjui, na mlinzi ana haki yake, kazi yake ni hiyo. Kwa hiyo tukasimama pale, walinzi wa zamu wakawaona sura, wakasalimiana. Tukaenda masijala, uhasibu, kwa fundi wa maabara, kwa mama anayeshika funguo za madarasa, maktaba, tukamalizia kantini. Mwalimu mpya Makamu Mkuu wa Chuo anaweza kumaliza mwezi hajamuona, lakini mama wa funguo asipomjua saa moja asubuhi darasa zima linasimama juani. Pale kantini mzee mmoja wa usafi aliwapokea na "mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, ikabidi nimfundishe profesa wa Nigeria kuijibu, yule wa isimu kama kawaida alishatoa daftari.

Na mji nao unatambulishwa. Niliwaambia ukweli, nyumba tafuta Ng'ong'ona au Iyumbu kama unataka karibu na sisi, Kisasa kama unataka mjini kidogo, popote utakapopanga uliza kama kuna simtanki kabla hujauliza kodi. Vumbi lipo. Upepo wa Julai na Agosti usianike nguo nyeupe. Jumamosi mnada wa Msalato wa nyama choma. Yule wa uhasibu akasema yeye familia iko Dar na tangu treni ya SGR ianze 2024 ameona bora aende na kurudi, mimi nikasema sawa ila saa zako za kuonana na wanafunzi ziandikwe Jumanne mpaka Alhamisi, usije ukaniambia Ijumaa uko njiani.

Siku yenyewe ilikuwa Novemba, joto la Novemba mnalijua, mvua bado na ukumbi una feni mbili zinazolalamika. Kila mmoja nilimpa dakika nne. Nilikaa mstari wa mbele na karatasi ya njano, nikiinyanyua umebakiza dakika moja. Dokta wa maji alipomaliza na hadithi ya Makutupora nikamuita wa hisabati hapo hapo, alivyotaja El Niño nikasikia minong'ono inapita ukumbini, watu wameunganisha wenyewe. Kijana mmoja wa fest yia akanyoosha mkono akauliza sasa sisi tuombe mvua kubwa au tusiombe? Ukumbi ukavunjika mbavu, na wale walimu wawili wakaangaliana, kila mmoja anamsukumia mwenzake ajibu. Ilibidi dokta wa maji ajibu, akasema tuombe, ila tuchanje mifugo mapema.

Wa isimu akauliza nani humu anatoka Chemba. Akasimama binti mmoja nyuma kabisa kwa aibu aibu, akaambiwa wasalimie watu kwa kwenu, akatoa Kisandawe na vidoko vyake, kimya, halafu kelele za shangwe. Alipitiliza dakika zake na karatasi ya njano aliiona, akajifanya haioni. Nilimwacha.

Baada ya hapo nilibandika karatasi moja kila ubao wa matangazo na kuituma kwa ma-CR, wale wawakilishi wa madarasa, waisambaze kwenye magrupu yao, picha, cheo, somo, sentensi mbili za utafiti, chumba namba ngapi, saa ngapi. Vyuo walivyosoma sikuweka. Mhadhiri mwandamizi wa hisabati alinilalamikia kidogo kwamba shahada yake ya Ujerumani haijatajwa popote, nikamwambia Dokta, iko kwenye faili, na mlangoni kwako kuna foleni. Foleni ilikuwepo kweli, ingawa nusu yao walikuwa wamekuja kuuliza koswaki, yaani kazi za semista, ina maksi ngapi na mwalimu huyu anasapisha au hasapishi, yaani anarudishisha watu mtihani au vipi. Sawa tu, si wamempata. Yule binti wa Chemba sasa hivi anamsaidia profesa wa isimu kuandika rekodi zake na analipwa, wa maji na wa hisabati nasikia wanaandika andiko la kuomba fedha pamoja.

Wanakuja wengine watatu semista ya pili. Bosi ameupenda utaratibu, amesema tufanye hivi hivi ila tuongeze na hotuba ya Makamu Mkuu wa Chuo mwanzoni. Nimemuwekea dakika nne kama wengine na karatasi yangu ya njano ninayo, sasa nani atakayeinyanyua mbele ya Makamu Mkuu hilo bado tunajadiliana.