Injini Ikizima Juu ya Maji

Injini ya ndege ndogo ikikatika juu ya maji, shughulika na mwendo kwanza, redio itasubiri. Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, itulize kwenye noti 65 hadi 68 (noti ni maili ya baharini kwa saa), kutegemea toleo. Hapo kila futi 1,000 za kimo zinakupa kama maili 1.5 za baharini. Kutoka futi 3,000 una dakika nne hivi.

Jaribu kuiwasha: swichi ya mafuta kwenye tangi zote mbili, mchanganyiko wa mafuta na hewa mbele kabisa, pampu ya ziada ya mafuta, magneto (mitambo ya kutoa cheche) zote. Ikiwa injini ni ya kabureta, vuta mapema joto lake la kuyeyusha barafu, kwa sababu joto hilo linatoka kwenye bomba la moshi, nalo linapoa haraka. Piga Meidei, wito wa redio wa kuomba msaada, ungali juu (megahezi 121.5 kama huna masafa mengine), na transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, iweke 7700, namba ya dharura. Ukifika futi 1,000, achana na injini.

Sasa soma maji. Kama kuna mawimbi makubwa, tua sambamba na migongo yake hata upepo ukija ubavuni. Upepo mkali sana tu ndio wa kukabiliwa. Magurudumu ya kukunjwa yabaki yamekunjwa. Yale yasiyokunjwa hunasa maji, pua ikazama, na ndege huweza kupinduka. Maji yaliyotulia kama kioo ni mabaya kuliko yanavyoonekana, maana jicho halipimi kimo: usikisie, shikilia mteremko uleule.

Lakini kishindo mara nyingi watu hukipona. Kutoka ndiko kugumu. Fungua komeo la mlango kabla ya kugusa maji, kwani mwili wa ndege ukipinda mlango hukwama. Ukikwama kwa msukumo wa maji, fungua dirisha, ndani pajae, kisha sukuma tena. Mkono mmoja ushike ukingo wa mlango kabla hujafungua mkanda. Ndege ikiwa imepinduka gizani, huo ndio ramani yako pekee.

Jaketi la kuokolea livaliwe kabla ya kuruka (lililo chini ya kiti ni mzigo tu) na lijazwe hewa ukiwa nje. Mwaka 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ilipoishiwa mafuta na kuanguka baharini Komoro, baadhi ya abiria walijaza majaketi wakiwa ndani, yakawabana darini maji yalipopanda.

Kifaa cha dharura cha kutuma ishara kwa waokoaji, kilichofungwa kwenye ndege, huzama nayo, na mawimbi yake ya redio hayapenyi maji. Kidogo cha binafsi, cha megahezi 406, kifungwe kwenye jaketi lenyewe, si kwenye begi.