Mzizi Nilioukata

Mbegu za Baptisia australis nilizopata zilikuwa na ganda gumu kama changarawe, hata ikanibidi kuzikwaruza moja moja kwa msasa na kuziloweka usiku kucha kabla ya kuzitia udongoni. Ziliota mbili tu. Nilijua kwamba ua hili la mwituni, ambalo asili yake ni mashariki mwa Marekani na ambalo huishi miaka mingi mahali pamoja, huchelewa kuchanua likioteshwa kwa mbegu. Lakini kufikia mwaka wa pili, miche ikiwa bado haijanifika magotini, subira ilikuwa imeniishia.

Nikajisadikisha kwamba tatizo ni kivuli, nikachukua sepetu ili niuhamishie mche mmoja penye jua zaidi. Nilichimba kuuzunguka, nikaiingiza sepetu chini yake, na hapo nikasikia mlio mdogo wa kitu kinachokatika. Kumbe muda wote niliodhani mmea umedumaa, ulikuwa ukizamisha mzizi mkuu mnene, kwenda chini sana kuliko nilivyokisia. Nilikipanda kipande kilichosalia na kukimwagilia kila jioni, lakini majani yakageuka meusi, yakapukutika, wala hakikuchipua tena. Iliniuma sana. Mche wa pili sikuugusa.

Katika mwaka wa nne, mche huo uliinua mashada mawili ya maua ya buluu iliyokolea, rangi iliyo karibu na ile ya nili, ambayo walowezi wa zamani waliitafuta katika mmea huu walipokosa mnili wenyewe. Niliketi kando yake tangu asubuhi, kwa kuwa ua lake, lenye umbo la ua la kunde, huificha chavua ndani ya petali za chini zilizofumbana, nami nilitaka kuona ni nani angeweza kulifungua. Alikuja nyuki wa asali, akazungukazunguka, akaenda zake. Kisha akaja nyuki mkubwa mwenye manyoya mengi na mvumo mzito, akatua kwenye ua la chini kabisa. Uzito wake ukazibonyeza zile petali, zikaachana, naye akazamisha kichwa kuufuata mbochi huku chavua ikimpaka tumboni. Alipanda ua baada ya ua, maua 12 kwa hesabu yangu, hadi penye matumba ambayo hayajafunuka, kisha akahamia shada la pili na kuanza tena chini.

Hatua mbili kutoka hapo, palipokuwa na mche wa kwanza, sijapanda kitu kingine.