Siku moja maishani mwangu: fundi wa Keko, mtiki, na gundi asiyoiona mteja

Saa 11 alfajiri

Naamka Mbagala giza bado limetanda, natoka uani kusikiliza hewa. Mvua ikiwa imepita usiku, ratiba yangu yote inabadilika. Leo ni kukavu. Leo tunaunga kaunta, na siku ya kuunga naiamkia kama mtu mwenye safari.

Mimi ni fundi seremala, karakana yetu iko Keko, Dar es Salaam. Watu wakipita barabarani wanaona vitanda na makabati yanang'aa, wanadhani kazi yetu ni kukata, kugonga misumari na kupaka vanishi. Naandika siku yangu hii moja ili muone kitu kisichotokea kwenye picha ya fenicha yoyote: gundi. Kama uliwahi kununua meza ikafunguka katikati, usikimbilie kulaumu mbao.

Saa 1 na nusu asubuhi

Chai ya rangi na chapati mbili kwa mama ntilie, dogo wangu ameshafagia maranda ya jana. Tuko kazini.

Oda ni kaunta ya mgahawa wa ufukweni, Kigamboni. Urefu mita 2.4, upana sentimita 60, unene sentimita 5. Itakaa chini ya paa la makuti lakini pembeni wazi, upepo wa bahari unapiga, mvua ya kusi inaingia kwa ubavu, na kila usiku mtu atamwaga maji juu na kufuta. Mteja amechagua mtiki. Mtiki tunaoupata unatoka kwenye mashamba ya miti, kama yale ya Muheza na bonde la Kilombero, na miti ile inavunwa mingi bado haijanenepa. Mbao moja pana ya sentimita 60, sahau. Hata ningeipata nisingeitumia, maana mbao pana peke yake hupinda kama ganda la muwa. Kwa hiyo tunapasua vipande vya sentimita 2.5 kwa 5, tunavisimamisha kwa ubavu na kuviunga kimoja baada ya kingine. Vipande 24, mishono 23. Kaunta nzima inasimama juu ya mishono hiyo.

Vipande vimekaa karakanani wiki tatu, vimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Napima unyevu kwa kile kipimo chenye sindano mbili: asilimia 13, 13, 14, 13. Kwa hewa ya pwani hapo nimeridhika. Mbao mbichi hata uibandike kwa gundi ya kuundia ndege itakuaibisha, kwa sababu itasinyaa baadaye na kuvuta mshono.

Saa 3 asubuhi

Mteja amekuja. Nilikuwa sikumtegemea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Hesabu yako nimeipitia usiku. Mbao nimeelewa, vanishi nimeelewa. Gundi ndiyo imenishinda. Gundi gani inapita bei ya vanishi?"

Nikamvutia kiti. Swali lake ni la haki, pesa ni zake. Lakini hakuja peke yake, amekuja na maneno ya mpwa wake ambaye naye ni fundi. Mpwa amemwambia gundi nyeupe ya kopo inatosha, ukibana vizuri haitoki. Ameongeza kwamba mafundi wa Keko tunapenda kupandisha bei kwa majina ya dawa.

Nikamwambia mpwa hajakosea kuhusu gundi, amekosea kuhusu mahali. Gundi nyeupe naiheshimu sana. Kitanda, kabati, droo, meza ya sebuleni, zote natumia hiyo. Mshono wake ukibanwa sawasawa, mbao itapasuka pembeni kabla haijaachia. Ila inakauka kwa kupoteza maji, na ile ya kawaida maji yakirudi nayo inalainika. Yapo makopo yaliyoandikwa D3 na D4, na herufi hizo si pambo. D3 inavumilia kulowa kwa muda mfupi mfupi, D4 inavumilia zaidi, hata nje ikiwa mbao imepakwa vizuri. Lile kopo ambalo mpwa analisema halina alama yoyote. Nimelinyanyua nikamwonyesha pande zote.

"Basi nunua hiyo D4."

Nikamwambia ningeinunua kama ingekuwa mninga. Mtiki una mafuta yake, ndiyo maana unadumu, na mafuta hayo hayo yanaifukuza gundi ya maji.

"Na ile ya njano ya mafundi viatu? Ile inashika papo hapo, nimeona kwa macho."

Inashika, mzee, na ni nzuri kwa kubandika fomaika. Lakini inabaki kama mpira maisha yake yote. Mbao zinavuta kila siku, jua likiwaka na likizama, na zitaendelea kuteleza taratibu mpaka kaunta ina ngazi.

Akauliza gundi ya unga inayochanganywa na maji. Nikamweleza inafaa ndani, kwenye mbao za kukunjwa na veneri, yale maganda membamba ya mbao, lakini mvua ya miaka itaishinda, na harufu yake inachoma macho ya vijana wangu. Akauliza ile ya povu. Hiyo kwa nje ni nzuri kweli, nikakiri, ila inataka mbao zibanane bila hata mwanya wa karatasi, kwa sababu lile povu linajaza nafasi lakini halina nguvu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Gundi ni gundi tu, kijana."

Neno hilo nimelisikia miaka yote ya kazi yangu na bado linanikaa kooni. Nikamwita dogo alete ndoo.

Mle ndani kulikuwa na vipande viwili vya mtiki, kila kimoja mbao mbili zilizoungwa, vimelala kwenye maji siku mbili. Hivi naviandaa kabla ya kila kazi ya nje. Cha kwanza, gundi nyeupe. Nikaingiza patasi kwenye mshono, nikagonga mara moja. Kikaachana kama biskuti, nyuso mbili safi, na juu yake utando mweupe unaoteleza kidoleni. Cha pili, epoksi, gundi ya chupa mbili. Nikagonga mara moja, mbili, mara ya tatu kwa nguvu. Kikapasuka, lakini mpasuko ukakimbia pembeni ya mshono: upande mmoja umebaki na nyuzi za mbao za upande wa pili, zimeng'oka na kushikamana kama nyama kwenye mfupa. Nikampa mkononi. Akavigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye zile nyuzi.

Nikamwambia pia jambo ambalo si rahisi kwangu kulisema. Nilishawahi kutengeneza benchi la bustanini kwa gundi ya ndani, mteja alitaka haraka na duka lilikuwa na hiyo tu. Masika moja ilipopita aliniita. Kwenye mshono wa katikati sarafu ya shilingi 200 iliingia na kusimama yenyewe. Nililitengeneza upya kwa gharama yangu, na hadi leo nikipita mtaa ule naangalia upande mwingine.

Mzee akavirudisha vile vipande kwenye ndoo. "Haya. Fanya unavyojua. Lakini ikifunguka nakuja na watu."

"Karibu nao, mzee."

Ilikuwa imefika saa 5.

Saa 5 na robo

Umeme umekatika.

Leo tunaunga vipande 12 tu, mafungu mawili ya sita sita, na vingine kesho. Kwenye mashine ya randa vilikuwa vimepita saba, vimebaki vitano. Mtu wa kazi nyingine angesema subiri urudi. Kwa mtiki siwezi kusubiri, kwa sababu uso ukisharandwa mafuta yanaanza kupanda tena, na kadiri unavyokaa ndivyo gundi inavyokosa pa kushika. Vile saba vilikuwa tayari vinanihesabia muda.

Nikachukua randa ya mkono. Vipande vitano, nyuso mbili kila kimoja, mita 2.4 kila uso. Mtiki una chembe kama za mchanga ndani yake, unakula makali upesi. Kila baada ya kipande kimoja na nusu nilirudi kwenye jiwe kunoa. Jasho likidondoka kwenye mbao inabidi kufuta na kuranda tena pale pale. Dogo anashika mwisho wa mbao, mimi napiga, tunabadilishana. Vumbi la mtiki linawasha shingo na puani. Hatukwenda kula. Mama ntilie alituletea wali maharage, ukapoa juu ya benchi.

Hapo ndipo nilipoishukuru tena epoksi. Randa ya mkono, hata ikiwa mkononi mwa fundi mzuri, haitoi uso kama wa mashine. Inaacha mawimbi madogo ambayo taa ukiiweka nyuma unayaona. Gundi nyeupe isingesamehe, ile ya povu pia isingesamehe. Epoksi inajaza mwanya mdogo na bado inabaki na nguvu.

Saa 9 alasiri, au karibu na hapo

Sikuwa naangalia saa tena. Tulipanga vipande vikavu kwanza, bila gundi, tukabana kuona kama vinakaa. Nyuzi zote zinaelekea upande mmoja, pete za umri wa mti zinapishana ili kimoja kikitaka kupinda kingine kimzuie. Klampu zangu ni 9, kwa urefu huu nataka moja kila sentimita 20, nikaazima 4 kwa jirani. Hapa Keko klampu zinazunguka kama sukari ya kuombana. Juu na chini tukaweka mbao za kubania zilizofungwa nailoni, na nailoni nyingine katikati ya mafungu mawili, zisije zikawa kitu kimoja.

Kisha asetoni. Kitambaa safi, futa, tupa, kitambaa kingine. Kitambaa cha kwanza kinatoka na rangi ya chai, cha pili hafifu, cha tatu cheupe. Madirisha wazi, na hakuna moto karibu. Sigara tumemfukuza nayo rafiki yetu mmoja aliyekuja kupiga soga.

Kuchanganya gundi sitaki mtu aniongeleshe. Napima kwenye mizani kwa uwiano ulioandikwa kwenye chupa, si kwa kukadiria, kwa sababu ukizidisha hadena, ile chupa ya pili inayoikomaza, ukidhani itashika upesi unapata kitu laini kisichokomaa milele. Na joto la Dar ni adui. Epoksi haikauki kama ile nyeupe: resini ya chupa ya kwanza na hadena zinashikana zenyewe, na zikishikana zinatoa joto, na joto linaziharakisha zaidi. Ukiiacha kwenye kopo refu itachemka mkononi mwako na kuwa jiwe. Kwa hiyo nachanganya kidogo, naimwaga kwenye trei pana iwe nyembamba, nachanganya tena. Glavu ni lazima. Namjua fundi ambaye ngozi yake iliikataa gundi hii baada ya miaka ya kuishika mikono mitupu, sasa hawezi hata kuikaribia.

Tukapaka nyuso zote mbili za kila mshono. Mishono 10. Dogo anamwaga, mimi nasambaza kwa kipande cha plastiki nilichokichonga meno. Mgongo unaungua, kiuno hakitaki kunyooka, miwani imejaa ukungu, na huwezi kusimama, kwa sababu gundi kwenye trei inazidi kuwa nzito kila dakika. Kipande cha tisa nilihisi gundi inaanza kuvuta nyuzi kama asali ya baridi. "Dogo, fanya upesi, fanya upesi." Cha kumi na mbili kikaingia. Klampu ya katikati kwanza, halafu kwenda pembeni, moja juu moja chini.

Hapa ndipo kijana wangu alitaka kukaza kwa nguvu zake zote, na ndipo nilipomshika mkono. Nyeupe unaikaza hasa. Epoksi ukiikaza hivyo unaikamua yote nje na mshono unabaki mkavu. Unakaza mpaka uone, kwenye kila mshono, tone dogo dogo likichungulia mstari mzima, kama shanga zilizotungwa. Tukainama na taa ya simu, tukazihesabu mshono kwa mshono. Kwenye wa nne shanga zilikosekana kiasi cha kiganja. Tukalegeza kidogo, nikasukuma gundi kwa ncha ya kisu, tukakaza tena. Zikatokea.

Giza limeingia

Umeme ulirudi tukiwa tunanawa. Dogo nimempa nauli na ya juu yake kidogo, kwa sababu leo amefanya kazi ya mtu mzima. Vanishi ya nje, ile yenye kinga ya jua, itakuja siku za mwisho, maana epoksi yenyewe ikiachwa uchi juani inaharibika.

Kabla sijafunga mlango simu ikaita, mzee wa Kigamboni.

"Fundi, imeshika?"

Kila ninapounga nabakiza gundi kidogo kwenye kikombe, nakiweka kando ya klampu. Nikaifuata, nikabonyeza ukucha. Ukaacha alama.

"Bado, mzee. Tusiiguse mpaka kesho."