Kabla ya koilova: kwa wanaotaka gari lishike kona

Mtoto wa kaka yangu ana Subaru Impreza, nami nina Impreza. Yake inalala Tudor, Mombasa, yangu inalala Kent, Uingereza, ninakofanya kazi. Yangu huipeleka Brands Hatch zile siku ambazo uwanja hufunguliwa kwa watu wa kawaida: unalipa, gari linapimwa kelele, unasikiliza maelezo ya usalama, unavaa helmeti na kuingia. Si mashindano. Hata kujipima saa hairuhusiwi, na humpiti mwenzako mpaka akupe njia. Yeye yake anaitayarisha kwa Kiamburing, kule Kiambu, barabara inapofungwa na magari kukimbizana na saa. Basi simu zetu zimekuwa za jambo moja tu: "Ami, nitumie koilova."

Koilova ni shokabzoba iliyozungukwa na springi yake, yenye nyuzi za skrubu za kuliteremsha au kulipandisha gari. Nimemkatalia, na sababu nazieleza hapa kwa urefu kwa kuwa si yeye peke yake anayeniuliza. Vijana wengi wa pwani wanaamini gari huanza kushika kona siku linapoteremshwa chini. Pesa ya koilova ni pesa nyingi, iwe imetoka kwa mshahara wa huku au kwa kibarua cha bandarini, na mwenye pesa za kitu kimoja inambidi achague vizuri.

Gari linagusa lami mahali pane tu, kila mahali upana wa kiganja. Kila spea nyingine unayonunua kazi yake ni kuvisaidia viganja hivyo vinne vilale sawasawa. Kwa hivyo kitu cha kwanza ni tairi, na hapo sina mjadala. Tairi nzuri ya barabarani, mpya, yenye raba laini kidogo, itakupa mabadiliko makubwa kuliko chuma chochote utakachofunga chini ya gari. Soma ubavuni: tarakimu 4 za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba iliyokaa miaka mingi dukani huwa imekauka hata kama haijakanyaga barabara. Zile za mashindano zenye mifereji michache sizipendekezi kwa kijana wa Mombasa, kwa sababu kabla ya kufika Kiambu ana kilomita zaidi ya 480 za kwenda, na mvua ikimkuta njiani tairi hizo hazina pa kutolea maji. Na upepo upimwe tairi zikiwa moto, mara tu unapotoka uwanjani, maana joto hupandisha upepo, na kipimo cha asubuhi hakikwambii gari lilivyokuwa kwenye kona.

Pili ni breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya Mombasa kila mtu anaijua. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 230. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Ukifunga breki kwa nguvu kona baada ya kona, mafuta ya zamani huchemka, na mvuke ukiingia kwenye mabomba pedali inazama hadi chini bila gari kusimama. Chupa mpya ambayo haijafunguliwa, na pedi zinazostahimili moto, si gharama ya kulinganisha na koilova.

Tatu ni bushi, yaani raba zinazoshika mikono ya magurudumu kwenye fremu. Disemba, nilipokuwa nyumbani, tulilipeleka gari lake kwa fundi wa makamo huko Changamwe. Fundi akalipandisha jeki, akaingiza mtaimbo kati ya mkono wa chini na fremu, akabonya kidogo tu. Mkono ukasogea. Tukamulika tochi: raba ya bushi ya nyuma ilikuwa imepasuka karibu mzunguko mzima, na kila mtaimbo ulipobonywa ufa ulifunguka ukaonyesha chuma cha ndani, kisha ukajifumba.

"Mwanangu," akamwambia kijana, "hili ukifunga breki gurudumu lageuka lenyewe. Sasa wataka kuweka shokabzoba za pesa zote hizo juu ya haya?"

Kijana hakujibu, na mimi sikuongeza neno. Bushi zikichakaa, vipimo vyote unavyolipia vinabaki kwenye karatasi tu.

Zikishabadilishwa ndipo unakwenda kufanya alaimenti, yaani kupima na kurekebisha jinsi magurudumu yalivyokaa, na hapa ndipo ninapoona watu wanapoteza bahati iliyo karibu nao. Mbele Impreza ina mfumo wa MacPherson, yaani shokabzoba yenyewe ndiyo inayoshikilia gurudumu kwa upande wa juu. Gari likiinama kwenye kona, gurudumu la nje huinama nalo, na tairi huishia kukanyagia ukingo wake wa nje. Mimi niliziona tairi zangu za mbele nilipotoka uwanjani: bega la nje limelika na kuchubuka, la ndani bado lina vinyweleo vya kiwandani. Dawa ni kuinamisha sehemu ya juu ya gurudumu kuelekea ndani tangu mwanzo, ndiyo hiyo inayoitwa kemba hasi. Wapenda uwanja wengi huweka digrii 2 hadi 3 mbele. Bolti ya juu inayofunga shokabzoba ya Impreza imetengenezwa izunguke ili kubadilisha kipimo hicho. Haikufikishi huko kote, lakini hata digrii moja na nusu utaihisi kwenye stelingi. Magurudumu yenyewe yatazame mbele sawasawa, yasielekeane wala yasipeane mgongo, kwani hilo ndilo linalokula tairi haraka kwenye safari ndefu.

Sasa hiyo koilova. Ukiliteremsha sana gari la MacPherson, mikono ya chini inaelekea juu upande wa magurudumu, na kile kitovu ambacho mwili wa gari huinamia kinashuka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka. Matokeo yake gari linataka kuinama zaidi, springi inabaki na nafasi ndogo, na raba za kizuizi zinagongwa katikati ya kona. Tairi inaruka pale pale unapoihitaji. Hiyo ni kwenye lami safi, sijataja matuta ya mitaani kwetu. Halafu kuna chumvi: ile inayomwagwa barabarani Uingereza wakati wa baridi na ile ya hewa ya bahari yetu zina kazi moja, kuzigandisha nyuzi za skrubu za koilova hadi zisirekebishike tena. Kama pesa ipo, nunua shokabzoba nzuri zenye urefu wa kawaida, na springi ngumu kidogo zinazolingana nazo. Ule upau unaofungwa chini ya boneti kuunganisha vichwa vya shokabzoba unapendeza macho. Usiupe pesa yako mapema.

Stebilaiza, yaani chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia kupunguza gari kuinama, ndiyo nitakayomtumia baadaye. Nene haiongezi mshiko wa gari zima. Uzito unaohamia nje kwenye kona unaamuliwa na urefu wa kitovu cha uzito, upana wa gari na ukali wa kona. Stebilaiza inaamua tu mbele ibebe kiasi gani na nyuma kiasi gani. Injini ya Impreza imekaa mbele ya ekseli, kwa hivyo pua ni nzito. Pale Brands Hatch, ukishuka kona ya Paddock Hill na kupanda hadi kona ya Druids, unakata stelingi na pua inaendelea kwenda nje. Stebilaiza nene ya nyuma huzipunguzia kazi tairi za mbele, na pua ikaingia. Lakini kwa tairi kuukuu na mvua, hiyo hiyo inautupa mkia. Ndiyo maana siitumi kwanza. Na kwa walio huku: mwambieni wa bima kila mlichobadilisha.

Bushi mpya zimeshafungwa Changamwe na mafuta yamebadilishwa. Mwanangu, tairi zikifika fanya alaimenti, unitumie picha ya karatasi ya vipimo, ya kabla na ya baada. Tukishaiona ndipo tuzungumze stebilaiza ya milimita ngapi.