Lipu ya ukuta wa matumbawe ilivyoacha kubanduka

Nyumba ya kale katikati ya Dar, yenye kuta za matumbawe kama za Boma la Kale la miaka ya 1860, ilibanduka lipu kila baada ya masika. Rangi ilipakwa tena na tena, chumvi nyeupe ikarudi palepale. Kosa lilikuwa lipu ya saruji. Matumbawe hunyonya maji ya ardhini. Saruji huyafungia ndani, na chumvi ikiganda nyuma yake huisukuma.

Kwanza kibali cha Idara ya Mambo ya Kale, maana jengo linalindwa na sheria ya 1964. Saruji ikatolewa kwa patasi na nyundo ndogo (grinda hula jiwe), hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Ukuta ukaachwa ukauke kiangazi chote, chumvi ikifagiliwa kwa brashi kavu. Kuiosha kwa maji ni kuirudisha ndani.

Lipu mpya: chokaa iliyolowekwa miezi 3, ndoo 1 kwa 3 za mchanga wa mtoni. Wa pwani una chumvi, hata ukipewa bure. Matabaka mawili ya milimita 10, kila moja likifunikwa magunia yenye unyevu siku 7, la sivyo jua hulipasua. Juu, chokaa ya kupaka tu; rangi ya plastiki huziba kama saruji.